Kupima udongo wa shamba: maswali ambayo wakulima huniuliza kila msimu

Mimi ni afisa ugani katika Nyanda za Juu Kusini, na mengi ya maswali haya nimeulizwa nikiwa nimesimama katikati ya shamba, au kwa simu usiku wa kuamkia siku ya kupanda. Mifano yangu ni ya mahindi, maharage na kahawa kwa sababu ndiyo mazao ninayoishi nayo. Kama una haraka, ruka mengine yote lakini usiruke jibu la namna ya kuchukua sampuli. Vipimo vingi ninavyoona vimeharibika viliharibikia shambani, kabla havijafika maabara.

Nimelima shamba hili miaka ishirini. Kipimo kitaniambia nini nisichokijua?

Kitakuambia sababu. Dalili unazijua tayari, na elimu hiyo si ya kudharau. Wasukuma walikuwa na majina ya udongo wao kabla hatujawapelekea karatasi zetu: luseni ni kichanga cha juu mlimani, itogolo ni udongo wa chini yake kwenye mteremko, ibambasi ni ule mgumu wenye magadi usiopitisha maji, na mbuga ni udongo mweusi unaopasuka kiangazi. Mkulima akikuonyesha gugu la kiduha limeshika kona ya shamba, ameshakuambia kwamba kona hiyo imechoka.

Lakini dalili moja huwa na sababu zaidi ya moja. Chukua mahindi yaliyogeuka rangi ya zambarau yakiwa bado magotini. Kwa kawaida yanakosa fosforasi. Je, udongo hauna fosforasi? Au unayo, ila tindikali imeifunga, na madini ya chuma na alumini yameishika mizizi isiipate? Au ni baridi tu ya Makete na Njombe, ambayo hupunguza kasi ya mizizi, na jua likitoka wiki mbili mahindi yatarudi kijani? Wa kwanza anahitaji mbolea ya kupandia, wa pili anahitaji chokaa kwanza, wa tatu anahitaji subira. Wote watatu, wakienda dukani bila kipimo, hurudi na mfuko uleule.

Maabara wanapima nini hasa?

Kipimo cha kawaida huangalia kiwango cha tindikali, yaani pH, kaboni hai inayotokana na mabaki ya mimea na samadi, naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Ukiomba, hupimwa pia salfa, zinki, boroni na madini mengine yanayohitajika kidogo. Wataangalia na aina ya udongo, kwamba ni kichanga au mfinyanzi, na uwezo wake wa kushika virutubisho visioshwe na mvua.

Naitrojeni ndiyo namba ninayoiamini kidogo kuliko zote, kwa sababu inahama na mvua na inabadilika ndani ya wiki. Kaboni hai inakupa picha ya kudumu zaidi. Ikiwa chini ya asilimia 1, shamba hilo lina njaa ya samadi na mabaki ya mazao, na mbolea utakayoweka itaponyoka kwa urahisi.

Nichukueje sampuli?

Hapa naomba twende taratibu.

Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Udongo wake wa juu, kina cha sentimita 20, una uzito wa tani elfu moja hivi. Wewe utapeleka nusu kilo, na maabara watapima gramu chache tu za hiyo nusu kilo. Kwa hiyo gramu hizo lazima zibebe habari za ekari nzima. Ukichota udongo mahali pamoja karibu na barabara, umepima barabara.

Anza kwa kuligawa shamba kwa macho yako. Bondeni na mlimani zitengwe. Palipowekwa samadi kila mwaka na pasipowekwa, vivyo hivyo. Palipo na udongo mwekundu na palipo na mweusi, usichanganye hata kama ni ndani ya ekari moja. Kila sehemu ni sampuli yake.

Ndani ya kila sehemu tembea kwa kupinda, kama mtu anayekwepa madimbwi, ukisimama mahali 15 hadi 20. Ruka vichuguu, zizi la zamani, njia ya ng'ombe, chini ya miti, na pale mlipochomea mabua. Kichuguu kimoja kikiingia kwenye ndoo kinaweza kukudanganya kuhusu shamba zima, maana udongo wa mchwa mara nyingi una virutubisho tofauti kabisa na wa jirani yake.

Kila unaposimama, fagia majani ya juu kwa mguu. Chimba shimo lenye ncha chini, kina cha sentimita 20. Kisha kwenye ukuta mmoja wa shimo kata kipande chembamba cha unene wa vidole viwili, kuanzia juu hadi chini. Punguza pembeni kwa panga safi ubaki na ukanda wa katikati tu, uutie kwenye ndoo. Umuhimu wa ukanda huo ni kwamba sentimita za juu na za chini zimo kwa usawa. Wengi huchota kwa kiganja, wakapata udongo wa juu peke yake, ambao ndio wenye mbolea ya mwaka jana, na majibu yakaja mazuri kuliko hali halisi.

Ndoo iwe ya plastiki. Ndoo ya bati imepakwa zinki, na zinki ni mojawapo ya vitu unavyotaka kupimiwa. Ukimaliza, mwaga udongo wote kwenye turubai safi, vunja mabonge kwa mkono, changanya kama unavyochanganya unga wa keki, kisha ugawe mafungu manne. Tupa mawili yanayotazamana, changanya yaliyobaki, gawa tena, mpaka ibaki nusu kilo. Anika kivulini juu ya karatasi safi. Usianike juani wala karibu na moto.

Kuna mkulima mmoja aliniletea majibu yanayosema fosforasi ya shamba lake ni nyingi mno, na mahindi yake nimeyaona mwenyewe yakiwa ya zambarau. Tulirudi nyuma hatua kwa hatua. Udongo aliubeba kwenye mfuko uliokuwa na mbolea ya DAP, ameukung'uta vizuri, amehakikisha. Lakini punje mbili au tatu za DAP zilizojificha kwenye mshono zinatosha kuibadilisha nusu kilo ya udongo maskini ionekane tajiri. Alikuwa amelipa nauli, amelipa kipimo, na alitaka kuacha mbolea ya kupandia msimu huo. Tulichukua sampuli upya. Tangu siku ile, kabla mtu hajachimba, namwomba anionyeshe mfuko wake.

Andika kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu husambaa ukipata unyevu: jina lako, kijiji, jina la shamba, kina, tarehe, zao lililotoka na zao unalotaka kupanda. Weka udongo kwenye mfuko mmoja, mfuko huo uingize kwenye wa pili, na kikaratasi kikae katikati ya mifuko hiyo.

Kina ni sentimita 20 kwa mazao yote?

Kwa mahindi, maharage, mpunga na mboga, ndiyo. Kwa kahawa, parachichi na miti mingine ya matunda, chukua sampuli mbili: ya juu, sentimita 0 hadi 30, na ya chini, 30 hadi 60. Zisichanganywe.

Nipeleke wapi?

Tanzania, kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano kilichopo Muheza, Tanga, ndicho kinachoongoza utafiti wa udongo. Kwetu huku tunatumia TARI Uyole, Mbeya. Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro wana maabara, na wakulima wa kahawa wana TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, Lyamungu, Kilimanjaro. Kenya kuna KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, Kabete jijini Nairobi, na Uganda kuna maabara za taifa za utafiti wa kilimo za Kawanda. Zipo pia maabara binafsi. Kabla hujasafiri, piga simu uulize vitu vitatu: bei inahusisha vipimo gani, majibu yatatoka baada ya siku ngapi, na je, yatakuja na ushauri wa zao lako au namba tupu. Namba tupu bila ushauri zitakulazimu kutafuta mtu mwingine wa kuzisoma.

Siku hizi kuna vifaa vya mkononi. Vinatosha?

Inategemea kifaa kinafanya nini ndani yake.

Vile vinavyotumia mwanga ni teknolojia ya kweli. Mwanga usioonekana kwa macho huelekezwa kwenye udongo, udongo hunyonya baadhi na kurudisha mwingine, na kila aina ya udongo ina namna yake ya kuurudisha. Kompyuta hulinganisha alama hiyo na maelfu ya sampuli zilizokwisha kupimwa kwa kemikali. Nairobi kuna maabara ya kituo cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, iliyojenga kazi yake juu ya njia hii. Faida yake ni wepesi na bei nafuu. Ubora wake unategemea hifadhi ya sampuli nyuma yake: kifaa kilichofundishwa kwa udongo wa Ulaya kitakisia vibaya udongo wa Mbozi. Kinakadiria vizuri kaboni hai na mfinyanzi, lakini fosforasi inayopatikana kwa mmea hukisumbua. Kwa hiyo muulize mwenye kifaa: kimelinganishwa na udongo wa wapi?

Vile vijiti vya bei rahisi vinavyochomekwa ardhini na kuonyesha naitrojeni, fosforasi na potasiamu papo hapo ni jambo jingine. Vingi hupima jinsi umeme unavyopita kwenye udongo, kisha hukokotoa zile namba tatu kutoka hapo. Mwagia maji ya chumvi, namba zitapanda. Usinunue mbolea kwa kutegemea kijiti hicho. Kipima pH kizuri chenye maji yake ya kusawazishia ni matumizi bora zaidi ya fedha yako, na kikundi cha wakulima kinaweza kukinunua kwa kuchangishana.

Majibu yamekuja, nimeshindwa kuyasoma.

Angalia vitu viwili kabla ya kingine chochote: kipimo cha eneo, na jina la kirutubisho. Hapo ndipo fedha hupotea.

Tuseme ushauri unasema kilo 20 za fosforasi kwa hekta. Wewe una ekari, na ekari ni kama asilimia 40 ya hekta. Halafu mfuko wa DAP umeandikwa 18-46-0, lakini ile 46 si fosforasi tupu, ni P₂O₅, yaani fosforasi ikiwa pamoja na oksijeni. Kilo 20 za fosforasi ni sawa na kilo 46 hivi za P₂O₅, nazo zinapatikana kwenye kilo 100 za DAP. Kwa hekta, mifuko miwili. Kwa ekari, kilo 40.

Ukiisoma hekta kama ekari, utamwaga kilo 100 mahali pa 40. Ukiisoma fosforasi kama P₂O₅, utaweka kilo 17 au 18, chini ya nusu ya kinachohitajika, na utasema kipimo kimekudanganya.

Shambani inakuwaje? Ukipanda sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kwa shimo, ekari ina mashimo 9,000 hivi. Kisoda kimoja (kifuniko cha chupa ya soda) cha DAP kilichosawazishwa hubeba gramu 5 hivi. Kisoda kwa kila shimo kitakula kilo 44 au 45. Umekaribia kabisa ushauri wako, bila mizani.

Naitrojeni hesabu yake inaendelea pale pale. Ukiambiwa kilo 80 za naitrojeni kwa hekta, zile kilo 100 za DAP zimeshatoa 18. Zimebaki 62. Urea ina asilimia 46, kwa hiyo unahitaji kilo 135 kwa hekta, au 54 kwa ekari, na uziweke kwa awamu mbili, udongo ukiwa na unyevu, ukifukia. Urea iliyoachwa juu ya udongo kwenye jua hupaa hewani.

Jambo la mwisho kwenye karatasi: fosforasi hupimwa kwa njia zaidi ya moja, na jina la njia huandikwa pembeni, mara nyingi Bray, Olsen au Mehlich. Namba ya Bray na ya Olsen hazilinganishwi. Ukitaka kuona shamba lako linaendaje mwaka hadi mwaka, rudi maabara ileile.

pH yangu ni 4.8. Nifanye nini?

Kwanza ujue 4.8 maana yake nini. Kila unaposhuka namba moja, tindikali huongezeka mara kumi. Shamba lenye pH 5 lina tindikali mara kumi ya lenye 6. Chini ya 5.5 alumini iliyokuwa imelala kwenye udongo huanza kuyeyuka, na ncha za mizizi hufa. Ng'oa hindi moja kwenye shamba kama hilo, lioshe kwenye ndoo ya maji: utaona mizizi mifupi, minene, imevimba nchani, bila vile vinyweleo vyeupe vya pembeni. Mmea huo utakauka kwa ukame wa siku tano wakati wa jirani unasimama. Maharage huumia zaidi, kwa sababu bakteria wanaoyatengenezea naitrojeni kwenye vifundo vya mizizi hawapendi tindikali.

Dawa ni chokaa ya kilimo, mawe ya chokaa yaliyosagwa laini. Sizungumzii chokaa iliyochomwa ya kupaka nyumba. Hiyo ni kali, huunguza ngozi na macho, na ukikosea kipimo utaiumiza ardhi. Kama karatasi yako inaonyesha magnesiamu ni ndogo, tafuta chokaa aina ya dolomiti.

Kiasi gani? Hapa watu wengi hutumia pH peke yake na kukosea. Mashamba mawili yenye pH 4.8, moja kichanga na lingine mfinyanzi, hayahitaji chokaa sawa. Mfinyanzi una akiba kubwa ya tindikali iliyojificha na unaweza kuhitaji mara mbili au zaidi. Omba maabara wakupimie hitaji la chokaa, si pH tu. Mapendekezo ninayokutana nayo mara nyingi ni kati ya nusu tani na tani moja na nusu kwa ekari, yaani mifuko 10 hadi 30 ya kilo 50. Najua gharama ya kuisafirisha. Kama huwezi ekari zote, weka kiasi kamili kwenye robo ya shamba mwaka huu, uendelee mwakani. Kuliko kunyunyiza kidogo kila mahali, naona njia hii ina faida zaidi.

Isambaze miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, ichanganye na udongo hadi sentimita 15 au 20. Haitembei yenyewe kwenda chini. Usiiweke siku moja na DAP, urea, SA (salfeti ya amonia) wala samadi mbichi, kwa sababu naitrojeni itageuka harufu na kupotea.

Na usiweke chokaa kwenye chai. Chai ya Mufindi na Njombe inaipenda tindikali hiyo. Viazi mviringo navyo huvumilia, na chokaa nyingi huviletea ukurutu wa ganda. Ukipitisha kiasi kwenye mahindi, zinki hufungwa na utaona mistari myeupe kwenye majani machanga.

Kuna msaada mwingine wa karibu. Mbolea ya mwamba wa Minjingu, inayotoka Manyara, huhitaji tindikali ili iyeyuke, na ina kalsiamu ndani yake. Kwenye pH 4.8 inafanya kazi vizuri. Kwenye pH 7 italala tu.

Ni kweli mbolea za chumvichumvi zinaharibu ardhi?

Nimeulizwa hili mara nyingi, hasa tangu mbolea ya ruzuku irudi msimu wa 2022/2023. Jibu langu ni kwamba kuna ukweli ndani yake, lakini si wote. Mbolea zenye amonia huongeza tindikali. SA ndiyo kali zaidi: kwa kila kilo ya naitrojeni inaongeza tindikali karibu mara tatu ya urea. CAN ni laini, kwa kuwa ina chokaa ndani yake. Mkulima aliyeweka DAP na SA miaka kumi na tano bila chokaa wala samadi, akichoma mabua kila mwaka, ardhi yake imechoka kweli.

Lakini ardhi inayovunwa magunia na hairudishiwi kitu huchoka pia. Kila gunia la mahindi linaloondoka shambani linaondoka na naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Swali la kujiuliza ni mbolea ipi, kiasi gani, na pamoja na nini.

Nina samadi ya kutosha. Bado nipime?

Ndiyo, angalau mara moja. Samadi iliyokaa juani na kunyeshewa imepoteza naitrojeni yake nyingi, na fosforasi yake mara nyingi haitoshi shamba lenye njaa.

Kwenye skimu yetu ya umwagiliaji kuna unga mweupe juu ya udongo.

Pima chumvi na sodiamu, na upime maji ya mfereji pia. pH ikizidi 8.5, uwezekano ni mkubwa kwamba ni sodiamu, ile tunayoiita magadi. Chumvi ya kawaida huoshwa kwa maji mengi kama kuna mfereji wa kuyatoa. Magadi yanahitaji jasi kwanza, ndipo yaoshwe. Bila njia ya maji kutoka, vyote viwili vitarudi. Hili ni la skimu nzima kukaa pamoja, mtu mmoja hawezi kulimaliza kwenye jaruba lake.

Nimepima, nimefuata ushauri, mavuno hayakupanda.

Nakuamini, na inauma. Niambie ulipanda lini, mbegu gani, na palizi ya kwanza ilikuwa wiki ya ngapi. Magugu hula mbolea kabla ya mahindi, na viwavijeshi vamizi hawajali pH. Msimu ujao acha mistari mitano bila mbolea mpya, katikati ya shamba, na mitano mingine uifanye kama ulivyozoea. Vuna na upime kila sehemu peke yake. Ndipo tutajua kama kosa lilikuwa kwenye udongo au kwingine.

Nipime kila baada ya muda gani, na nianze lini?

Kila miaka mitatu kwa mahindi na maharage. Ukiweka chokaa, angalia pH tena baada ya mwaka mmoja.

Huku kwetu mvua huanza Novemba, kwa hiyo sampuli zichukuliwe Juni au Julai, mara tu mahindi yanapotoka shambani na kabla hujalima. Agosti unakuwa na majibu mkononi. Chokaa inaingia ardhini kati ya Agosti na Septemba, na mbolea unainunua Oktoba ukijua aina na kiasi. Anayenipigia Novemba namwambia achukue sampuli hata hivyo kabla ya kuweka mbolea, apande msimu huu kwa ushauri wa jumla wa wilaya, na ile karatasi aitunze. Itamfaa kwenye palizi, atakapoamua mbolea ya kukuzia.